Nafasi Moja Kwenye Mstari

Nilipotea kidogo. Wiki mbili sijaandika kitu hapa, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama ndiyo nimeshapaa kwenda Unyamwezini. Hapana jamani. Nilikwenda Unyamwezini halisi, kule kusikohitaji viza: Tabora, likizo, nyumbani kwa mama mkubwa.

Kwa wale wasiokaa vijiweni: vijana wa mjini wakisema Unyamwezini wanamaanisha Marekani, na Mnyamwezi ni Mmarekani. Ndugu zetu wakishafika huko tunawaita wabeba boksi, hata kama mtu ni daktari. Utani huu nimeutumia tangu nikiwa chuo. Safari hii nimeuona umechezwa mbele yangu, na watu waliokuwa wanaucheka wakanyamaza kicheko kikiwa mdomoni. Hiyo ndiyo habari ya leo. Ni ndefu kidogo, tafuta kahawa.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko kwenye kundi la vijana saba wanaocheza dansi. Sisemi muziki wa dansi, ule wa Msondo na Sikinde. Wala sisemi ngoma ya kumpokea mgeni rasmi, dakika 3 juani halafu kila mtu soda yake. Nasema dansi ya kisasa ya jukwaani, ambayo mchezaji anaweza kusimama dakika nzima bila kutikisika na bado ukajua kwamba anacheza. Wanafanya mazoezi jioni kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Vifaa vyao ni projekta ya kuazima, spika moja, simu mbili, na kitambaa cheupe cha marekani walichounganisha vipande viwili kikawa pazia la kuonyeshea picha.

Onyesho lao linahusu msafara, na linachukua kama dakika 40. Kwenye pazia inapita video waliyopiga wenyewe kwa simu: miguu tu, mitupu, ikitembea chini ya miembe njia ya kwenda Kwihara. Mbele ya pazia wanatembea wao, mstari mmoja, mizigo kichwani. Sauti ni ya manyanga, vibuyu vile vyenye mbegu ndani, waliirekodi halafu wakaipunguza mwendo mpaka ikafanana na mtu anayehema. Mwanzoni mizigo ni pembe za ndovu, yaani magogo yaliyopakwa chokaa. Katikati inageuka kuwa magunia na masanduku ya risasi. Mwishoni ni maboksi ya karatasi, haya ya kawaida ya dukani, na kwenye pazia linatokea ghala moja kubwa lenye taa nyeupe. Mizigo inabadilika, mwendo haubadiliki. Shingo ni ile ile. Watu wanacheka wakiona maboksi, halafu wanatazama zile shingo, kicheko kinakauka.

Tuongee historia kidogo, maana shuleni tulikaririshwa majina ya wapelelezi na wafanyabiashara, wabebaji tukawaruka.

Njia ya kati ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo mpaka Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Kazeh. Ni kama kilomita 800. Hapo iligawanyika: wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, wengine magharibi mpaka Ujiji, halafu wakavuka ziwa kuingia Manyema. Kabla ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kila kitu kilipita njia hiyo kichwani au begani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Punda walikufa njiani kwa mbung'o. Watu waliendelea.

Wengi wa wabebaji hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru waliofanya kazi ya mshahara. Walilipwa vitambaa, shanga na waya. Mwenye msafara akiwaonea, walitua mizigo wakagoma, au asubuhi alikuta kambi imepungua. Mwanahistoria Stephen Rockel aliwaandikia kitabu kizima mwaka 2006, Carriers of Culture, na hoja yake ni kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, wenye taratibu zao na wenye kujivunia kazi yao. Kitambaa kilichopendwa sana kilitoka viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa meli za Salem, ndiyo maana mpaka leo tunakiita marekani. Kwa hiyo lile pazia la vijana limetengenezwa kwa mshahara wa mababu zao! Nilipowaambia hivyo mmoja akanitazama, akasema, "Kaka, tulikinunua kwa sababu ni cha bei rahisi."

Halafu msafara wenyewe ulikuwa onyesho. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, nguo nyekundu, manyoya kichwani. Kulikuwa na ngoma, baragumu, na nyimbo za kupokezana. Wakikaribia mji walivaa nguo zao nzuri na kupiga bunduki hewani ili watu watoke kuwaangalia. Na usiku kambini, baada ya kushinda na mzigo kichwani, walicheza. Mavazi, sauti, moshi wa baruti, mstari mrefu unaotembea kwa mwendo mmoja. Anayesema kwamba vijana hawa wameleta Uzungu Tabora hajui Tabora. Wamerudisha kilichokuwepo, wakaongeza umeme.

Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa. Waliotekwa Manyema na kwingine walipita hapa. Wengine walipelekwa pwani, wengine wakabaki Tabora hii hii, wakilima mashamba ya waliowanunua, wakizaa watoto. Njia moja ilikuwa na mtu anayelipwa kitambaa na mtu ambaye yeye mwenyewe ni mali inayouzwa. Wajukuu wao leo ni majirani. Wameoana, wanachangiana harusi na misiba, na hakuna anayeuliza. Tafadhali ishike hiyo, nitairudia.

Jumapili moja mdogo wangu alinipeleka Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, lile lililojengwa upya likawa makumbusho. Livingstone alikaa hapo kuanzia Februari mpaka Agosti 1872. Stanley aliondoka Machi, mzee akabaki akisubiri wapagazi kutoka pwani, kwa sababu bila wao asingefika popote. Alipofariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia, kundi la watu kama 60 wakiongozwa na Chuma na Susi waliukausha mwili wake, wakaubeba, wakapita tena hapa Kwihara, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Tembe lina jina la aliyebebwa.

Sina ugomvi na mzee Livingstone. Nilichokifikiria pale, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha ukuta, ni kwamba nyumba humkumbuka aliyekaa. Aliyepita haimjui. Na wapagazi kazi yao ilikuwa kupita. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vizuri sana. Lakini hivyo ni vituo, na njia ni ile iliyo kati ya kituo na kituo. Walioitembea waliacha vitu visivyowekwa kwenye kabati la kioo: mwendo, nyimbo, utani (waangalie Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana msibani), na Kiswahili kilichosafiri nao mpaka ndani kabisa ya Kongo. Vitu hivyo hukaa kwenye mwili. Ukitaka kuvionyesha itabidi umtafute mtu avicheze.

Na ajabu ni kwamba njia hii ina wachezaji kwenye ncha zake zote mbili. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa tunakiita TaSUBa, na tamasha lake wengi wenu mmeshakwenda kulala ufukweni huko. Ncha ya pili ni mbali zaidi. Kutoka Manyema wafanyabiashara walifuata mto Lualaba mpaka kwenye maporomoko ya Kisangani. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alifika huko, na mwaka 1887 akafanywa gavana wa eneo hilo chini ya Mfalme Leopold. Ndiyo maana ukienda Kisangani unasikia Kiswahili pembeni ya Kilingala. Juu ya maporomoko hayo kuna mji mdogo unaitwa Ubundu. Hapo, mwaka 1974, alizaliwa Faustin Linyekula.

Hawa vijana wa Tabora wanamzungumza Linyekula kama wenzao wanavyomzungumza Diamond. Ni mtunzi wa dansi. Miaka ya 1990 vyuo vya Zaire vilipofungwa alikwenda Nairobi, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha Gàara, kundi linalotajwa kuwa la kwanza la dansi ya kisasa Kenya. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako Kinshasa. Mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake siku sita mfululizo na kuua mamia ya raia ambao ugomvi haukuwa wao. Mwaka 2007 alipata tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Angeweza kukaa Ulaya akala maisha. Alirudi kule njia inakoishia.

Onyesho wanalolipenda zaidi ni Dinozord. Lilizaliwa mwaka 2006 Vienna, kwenye tamasha la New Crowned Hope lililoongozwa na Peter Sellars, mwaka wa 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart. Mwaka 2007 likaonyeshwa Avignon, Ufaransa, na mwaka 2012 Linyekula akalitengeneza upya kwa jina la Sur les traces de Dinozord. Dinozord ni jina la kisanii la kijana wa hip-hop wa Kinshasa anayecheza humo. Ndani kuna miili, video, maandishi, Requiem ya Mozart, gitaa la Jimi Hendrix, na sauti ya Serge Kakudji, mwanamume anayeimba juu kabisa kule tunakodhani ni kwa wanawake tu.

Kiini chake ni msiba. Kabako, aliyebeba jina la kundi, ni Richard Kabako, mwandishi na rafiki wa Linyekula, aliyekufa kwa tauni. Naam, tauni, ule ugonjwa tunaodhani umebaki kwenye vitabu. Rafiki mwingine, Antoine Vumilia Muhindo, alihukumiwa kifo katika kesi ya mauaji ya Rais Laurent Kabila, akakaa karibu miaka 10 kwenye gereza la Makala, Kinshasa. Mwaka 2006 maandishi yake yalikuwa jukwaani Vienna na mwenyewe yuko ndani. Mwaka 2012 alikuwa ameshatoroka na kupata hifadhi Sweden, akapanda jukwaani kwa miguu yake. Jina la Vumilia sina haja ya kuwafafanulia.

Tuliangalia vipande vya video vya onyesho hilo kwenye simu moja, watu wanane tumebanana kama ndizi. Kilipoisha kipande cha mwisho, msichana mmoja wa kundi alisema, "Kumbe msiba unachezeka." Mwenzake akajibu kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani: "Ndiyo, lakini huyu ana bahati. Anamjua marehemu wake kwa jina."

Siku mbili baadaye walifanya jaribio la kwanza mbele ya watu. Mtaa sitautaja, mtaelewa kwa nini. Uwanja wa nyumba ya mtu, pazia limefungwa kwenye mwembe na nguzo ya umeme, watu kama 60, watoto chini kwenye mkeka, akina mama kwenye viti vya plastiki. Sehemu ya pembe ilikwenda vizuri, watu wakapiga makofi. Halafu ikaja sehemu ambayo sikuwa nimeiona kwenye mazoezi. Mmoja wa wale saba, wa nne kwenye mstari, alikuwa na mnyororo shingoni. Mnyororo wa kweli, wa kufungia pikipiki. Alitembea sawa na wenzake, kwa mwendo ule ule, ila kichwani hakuwa na mzigo.

Bibi mmoja akainuka. Mtu mzima sana, kanga mbili, fimbo. Hakupayuka. Alinyoosha fimbo kuelekea yule kijana na kuuliza, "Huyo mwenye mnyororo, ni wa kwa nani?"

Mtu wa Dar angecheka. Pale hakucheka mtu. Muziki uliendelea kwenye spika, wachezaji wakasimama, na mimi nikaona watu wazima wakitazama chini, kila mmoja miguu yake. Lile swali lilikuwa la kweli. Ni wa ukoo upi? Maana ukimweka mtu mwenye mnyororo katikati ya mtaa ule, watu wataanza kuhesabu: wale walitoka wapi, na wale waliletwa na nani, na kwa nini wale wengine hawana shamba la babu. Mambo ambayo vizazi vitatu wameyafunika ili watoto waoane kwa amani. Bibi akasubiri jibu kidogo. Halikuja. Akachukua kiti chake, akaondoka nacho.

Usiku ule, kwenye wali na maharage, nilimuuliza mama mkubwa, "Na sisi je? Sisi babu yetu alikuwa mbebaji, au?" Sikumalizia. Mama mkubwa ni mwongeaji, atakuambia bei ya tumbaku ya mwaka aliozaliwa mama yangu. Aliutazama ubwabwa wangu akasema, "Kula mwanangu, chakula kinapoa."

Basi nikala.

Kesho yake darasani kulikuwa na mabishano ya masaa matatu. Upande mmoja ulisema mnyororo uondoke kabisa, tucheze wapagazi huru na fahari yao, inatosha. Upande wa pili ulisema ukiuondoa unawaua wale watu mara ya pili, na historia ya nusu ni uongo kamili. Mimi nilikuwa upande wa pili, na nilisema mengi. Ndiyo kazi niliyosomea: mambo yaliyofichwa yatajwe.

Katika kujitetea nikawasimulia kuhusu The Head & the Load, onyesho la William Kentridge wa Afrika Kusini, ambalo lilianza Julai 2018 kwenye ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, likiwa na dansi ya Gregory Maqoma na muziki wa Philip Miller. Linahusu wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Hilo nalo linatuhusu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kwenye mapigano ya upande wetu huu, na vifo vilivyoandikwa vinakaribia 100,000. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo mwezi Septemba 1916, na jeshi hilo nalo lilibebewa mizigo na watu. Sisi kumbukumbu yetu kubwa ya wabebaji hao ni jina la soko, Kariakoo, kutoka kikosi cha Carrier Corps, na tunalitaja kila siku tukienda kununua viatu. Kentridge hakuwa na majina ya wale watu, wengi hawakuandikwa popote. Alitumia vivuli. Wachezaji wanapita mbele ya taa na mizigo yao, na ukutani vinatembea vivuli vikubwa kuliko watu.

Nilitaja hilo ili kuunga mkono mnyororo: mnaona, mwenzenu hakuogopa kuonyesha. Lakini yule msichana aliyesema msiba unachezeka alilisikia kwa namna nyingine. Akauliza, "Kwa hiyo kivuli hakina jina, lakini kipo?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Na tusipoweka hata kivuli? Tukaacha nafasi yake?"

Wakajaribu hapo hapo. Yule wa nne akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa pembeni kwenye dawati. Waliobaki sita walipanga mstari kama kawaida, na kati ya wa tatu na wa tano wakaacha hatua mbili tupu. Wakatembea. Mstari ukikata kona, ile nafasi inakata kona. Mstari ukisimama kutua mizigo, mtu wa tatu anageuka na kushika kitu ambacho hakipo, anakishusha taratibu. Mstari ukianza kukimbia, nafasi inakimbia, haipanuki wala haifungwi. Kwa kweli ni kazi ngumu kuliko kuweka mtu. Walirudia mara tisa mpaka giza likaingia, na mara ya tisa mimi nilimwona yule mtu.

Ninaandika habari kila siku, na nataka niseme kitu hapa wenzangu wa magazeti wanisikie. Niliporudi Dar nilimpelekea mhariri mmoja habari hii. Akaniambia nzuri, maneno 300, ila kuna vitu havipo. Bibi anaitwa nani? Ana umri gani? Ni mtaa upi? Ukoo unaosemekana ni upi, na wenyewe wanasemaje? Ni maswali sahihi kabisa. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeuliza hayo hayo, maana habari bila jina si habari. Na kila jibu ambalo ningempa lingefanya kile hasa ambacho yule bibi aliinuka kukizuia. Habari nikaiondoa.

Hapo ndipo nimeelewa kwa nini Dinozord ilihitaji kuwa dansi, na kwa nini vitu hivi vya njia ya misafara vinahitaji jukwaa kuliko vinavyohitaji ukurasa wa mbele. Linyekula ana marehemu mwenye jina, akamlilia kwa jina. Tabora ina marehemu ambao majina yao bado yanaweza kuvunja ndoa ya mtu aliye hai. Gazeti likifika hapo lina njia mbili tu: kutaja au kukaa kimya. Makumbusho yanahitaji kibao ukutani, na kibao kinataka jina pia. Ila mwili unaotembea na kuacha nafasi unaweza kusema "alikuwepo" bila kusema "ni wa kwa nani". Anayejua atajua. Asiyejua ataona watu sita wanamheshimu mtu.

Sisemi kwamba jambo limekwisha. Mnyororo ungebaki, mimi ningelala vizuri zaidi. Kuna siku wajukuu wa Tabora itabidi wayaseme haya kwa sauti, na yatauma. Ila mimi ninapanda basi narudi Dar, na wale wanabaki mtaani.

Onyesho la pili lilikuwa Alhamisi, uwanja ule ule. Bibi alikuja, na kiti chake. Alikaa nyuma kabisa karibu na lango, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mstari ulipoanza kutembea na ile nafasi ndani yake, hakusema kitu. Nilikuwa namtazama yeye kuliko jukwaa, nakiri kazi yangu imeniharibu. Ulipofika wakati wa kutua mizigo, mtu wa tatu alipogeuka kumshusha yule asiyekuwepo, bibi alifanya hivi tu kwa mkono, kama unavyompokea mtu kikapu mlangoni. Kidogo sana. Halafu akarudisha mkono kwenye fimbo.

Baadaye, watoto wakiwa wanakunja mkeka, alimwita mdogo wangu akamuuliza kama watacheza tena, na lini, maana ana dada yake yuko Urambo angependa aje. Mdogo wangu akasema wakipata projekta. Ile waliyoazima mwenyewe ameshaidai.

Kwa hiyo, wakuu, mwenye projekta inayokaa kabatini ofisini kwake, hata ya zamani, anitafute. Basi la Tabora linaondoka kila asubuhi, na mzigo wenyewe haufiki hata kilo 5.